Kona ya Normand

Kila Agosti, joto likipanda, sakafu za lile jengo la matofali zilitoa mafuta ya kondoo. Kwa miaka zaidi ya mia watu wa mji wetu walisafisha na kufuma sufu mle ndani, na mbao zikayanywa yale mafuta hadi zikashiba. Kisha wenye kiwanda wakahamia majimbo ya Kusini kwenye vibarua wa bei poa, jengo likakaa gofu, halafu kampuni ya Quinsett ikaja kutengeneza kompyuta humo humo. Mbao hazikujua kwamba kazi imebadilika. Ungemkuta mhandisi mwenye shahada tatu ameinamia karatasi zake, tone likamdondokea shingoni kutoka darini, na siku nzima akanuka zizi. Sisi wa hapa tuliwacheka sana. Normand Levasseur hakuwacheka, maana ile ilikuwa harufu ya mama yake akirudi kutoka kazini.

Mama yake alifuma ghorofa ya tatu, upande wa bwawa, mpaka masikio yake yakafa kwa kelele za mitambo. Normand naye alikuja kukaa ghorofa hiyo hiyo, karibu na madirisha yale yale, akichora chipu za kompyuta. Wahandisi ndio walioamua chipu ifanye nini. Yeye na wenzake waliamua kila waya upite wapi, nyaya nyembamba kiasi kwamba unywele mmoja ungezifunika nyingi kwa pamoja. Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye kitambi, anayetoa ncha ya ulimi akichora kama mtoto wa chekechea. Hakuwa bingwa. Alikuwa fundi mzuri tu, na kazi yake aliipenda kuliko alivyojua kusema.

Wachoraji wa Quinsett walikuwa na mila yao. Chipu ikikaribia kukamilika hubaki vikona vitupu visivyo na kazi, na kila mchoraji alijichukulia kimoja akachora humo kitu anachokipenda: mbwa wake, pikipiki yake, kofia ya timu ya besiboli. Mchoro mdogo kuliko punje ya vumbi, ambao mteja hatauona maisha yake yote. Normand alichora siku zote kitu kimoja, kile kipande cha mti chenye ncha mbili na umbo la mtumbwi, ambacho mama yake alikirusha huku na huku kupitisha uzi. Kilikuwamo ndani ya Korongo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Korongo lilikuwa jina la chipu zetu, kwa sababu ya wale ndege wa miguu mirefu wanaosimama bwawani kutwa nzima.

Ile michoro ilikuwa na udhia wake. Kabla chipu haijapelekwa kiwandani, programu ya ukaguzi huipitia yote na kulalamikia kila waya uliokaribiana mno na mwenzake. Mbwa na pikipiki zilivunja kanuni zote, na programu ikatoa malalamiko mamia kwa mamia. Basi wachoraji wakazoea kuzungushia kila mchoro kisanduku na kuiambia programu: humu usiangalie. Kukawa kimya. Walifanya hivyo miaka na miaka, wala hakuna aliyekosa usingizi.

Rafiki yake Normand alikuwa Kazimierz Wojtowicz, ambaye kila mtu alimwita Kaz, mhandisi aliyehakikisha kila pembe ya chipu inapata umeme wa kutosha. Kaz alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kunadi ng'ombe. Walikula chakula cha mchana pamoja kila siku, huyu na pai yake ya nyama ya nguruwe, yule na kabichi zake zilizofungwa nyama, na kwa kuwa mmoja ni wa ukoo wa Wafaransa wa Quebec na mwingine wa Wapolandi, waliitana kwa majina ya dhihaka ya asili zao, Chura na Kabichi, mbele ya watu bila haya. Mkesha wa Krismasi, nyumba ya Kaz huweka sahani moja ya ziada mezani kwa mgeni asiyetarajiwa, ndiyo desturi ya kwao. Normand alikuwa hodari wa kupiga hodi saa ile ile na kujidai kwamba alikuwa anapita tu. Danuta, mke wa Kaz, humfungulia akisema, "Loo, nani angetarajia!" na watoto huanguka kwa kicheko.

Sasa, kila ukoo wa chipu una usanifu wake, na usanifu ni kama lugha: programu iliyoandikwa kwa lugha ya hawa haieleweki kwa wale. Sisi tulikuwa na lugha yetu, na Korongo alikuwa mwepesi kuliko chipu yoyote dukani. Lakini kule Magharibi kulikuwa na kampuni kubwa ambayo hatukuitaja kwa jina, tulisema "wale" tu. Wale walikuwa wanajenga usanifu mpya, na waliapa kwamba ukitoka utawazika wengine wote. Ulichelewa mwaka, ukachelewa mwingine, sisi tukawacheka. Hatukuona kwamba wauzaji wa kompyuta walikuwa wameshaanza kukiogopa kitu ambacho hakijazaliwa. Ndipo wakubwa wa Quinsett wakatuambia waziwazi: Korongo wa nne akifanya kazi kabla ya kiangazi, tunabaki na chipu zetu. Asipofanya, tunahamia kwa wale.

Watu walifanya kazi kama waliolishwa pilipili. Normand alimwona mkewe Pauline asubuhi tu, akiwa bado kitandani.

Ikafika ile Ijumaa ya Machi ya kupeleka michoro kiwandani. Wengi walikuwa wameshatoka koridoni kufungua bia. Ndani ya chumba walibaki wawili, Normand na Kaz.

"Chura!" Kaz aliita kutoka upande wa pili. "Ile kona yako ilikuwa inakufa njaa ya umeme. Nimepitisha nyaya mbili pale, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi."

"Pale kwa mama yangu?"

"Pembeni tu. Kaangalie kama sijamkanyaga."

"Ungemkanyaga ungelia wewe, Kabichi. Mama alikuwa na mkono mzito yule."

Kaz alicheka akapiga meza. Normand naye akacheka. Alifikiri kwenda kuangalia, akaitupia jicho programu ya ukaguzi: haikuwa na lalamiko hata moja. Akazima taa akaifuata bia.

Haikuwa na lalamiko kwa sababu ilikuwa imeambiwa isiangalie.

Chipu za kwanza zilirudi Mei. Waliiwasha ya kwanza, ikafyonza umeme wote iliopewa, ikapata moto ikamuunguza fundi kidole, na haikuweza kujumlisha hata moja na moja. Ya pili vile vile. Zote vile vile. Watu wakaanza kulala chini ya meza na kuoga kwenye sinki za choo. Kaz alipekua nyaya zake zote akawa na macho mekundu kama mgonjwa. Hatimaye wale wa maabara waliichuna chipu moja tabaka kwa tabaka, wakaiweka chini ya hadubini, wakamwita Normand aje aangalie.

Kile kipande cha mama yake kilijaa kioo kizima. Ncha yake moja ilikuwa imegusa waya wa kwenda, ncha ya pili imegusa waya wa kurudi. Umeme wote uliokusudiwa kuendesha ubongo wa Korongo ulikuwa unaingia hapa na kutokea pale, basi.

Marjorie Haskell, mkuu wa kitengo, aliita watu wote kantini. Alikuwa mwanamke nadhifu, asiyepandisha sauti hata akikufukuza kazi.

"Kile kisanduku ni cha nani?" aliuliza.

"Changu," Normand alisema.

"Na nyaya?"

"Zangu," Kaz alisema.

"Normand, Kaz alikuambia kwamba amezipitisha pale?"

Normand aliwatazama wale watu, nyuso zilizokosa usingizi, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Akaona kwamba akisema ndiyo, Korongo amekufa mikononi mwake peke yake.

"Hapana," alisema. "Angeniambia ningekagua."

Kaz aligeuka akamtazama rafiki yake.

"Kaz? Una la kusema?"

"Kama Normand anasema hivyo," Kaz alijibu polepole, "basi hivyo hivyo."

Kaz alimngoja kwenye maegesho, ameegemea gari lake.

"Chura, ulinisikia."

"Watu walikuwa wanapiga kelele, Kaz."

"Koridoni. Mle ndani tulikuwa mimi na wewe."

"Wewe ni mhandisi bwana, wewe watakuvumilia! Mimi mchoraji, mimi kesho niko barabarani. Nilishikwa na woga, sawa? Umefurahi?"

"Basi rudi ndani ukawaambie hivyo. Mwambie Marjorie kwamba uliogopa." Sauti yake ile kubwa ilikuwa imeshuka kabisa. "Ningesimama na wewe, Normand. Ningesema wote tuliogopa."

Normand hakurudi ndani. Kaz alingoja kidogo, akaingia garini akaondoka, na tangu siku ile hakumwita Chura tena, wala jina lake jingine lolote.

Uchungu wenyewe ni kwamba chipu ilipona. Maabara walikuwa na mashine ya miale inayokata kama kisu, wakazikata zile ncha mbili, wakaiwasha tena. Korongo wa nne akaamka. Aliruka juu ya kila chipu duniani, ya kwetu na ya wale, kwa mbali mno. Watu wazima walilia wakakumbatiana. Normand alikuwa upande mmoja wa meza, Kaz upande mwingine, na kila mmoja alitazama chipu.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye hema kubwa uwanjani. Quinsett inaachana na Korongo, tuliambiwa. Inachukua usanifu mpya wa wale. Na vifaa, michoro na watu watakaochaguliwa vyote vinakwenda kwao. Marjorie alisema, kwa sauti yake ile laini, kwamba kampuni ilikuwa imesubiri kwa moyo wote, lakini ucheleweshaji wa majira yale haukuacha njia nyingine. Hema zima liligeuza shingo kutafuta vichwa viwili.

Tulikuwa wakatili, sitaficha. Tuliposikia neno "ucheleweshaji" tulijua la kufanya nalo. Baa ya chini ya daraja ilikuwa na watu waliokata kauli kwamba Mpolandi ndiye aliyeua Korongo, na wengine kwamba Mfaransa, na walishindana kama mashabiki wa besiboli. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, la Normand lilikuwamo. La Kaz halikuwamo.

Normand alihamia jengo la wale kando ya barabara kuu, jengo la vioo ambalo dari yake haikudondosha kitu. Michoro ya vikonani ilikuwa marufuku, na baada ya yaliyotokea nani angelaumu. Alichora sehemu za usanifu mpya, ule uliopaswa kuwazika wengine. Ulipotoka ulikuwa mzito na wenye joto, wanunuzi wakasuasua, na kadiri miaka ilivyopita ukawa unazikwa wenyewe taratibu. Hakuna aliyefurahi hata kidogo. Kaz alipata kazi ya kuendesha basi la shule. Watoto walimpenda kwa sababu ya ile sauti.

Pauline hakumwacha Normand apumue. "Nenda kwa Kaz ukamwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Anaujua."

"Basi waambie watu."

"Pauline, nusu ya ule mzigo naweza kuibeba. Wote siwezi. Watu mia ngapi walipoteza kazi? Ungekuwa mimi ungelala?"

"Kwani sasa unalala?"

Siku moja alimwona Kaz dukani, kwenye foleni ya nyama za kukatwa. Alikuwa amepungua. Normand alijipangia maneno, akapiga hatua, kisha mtu mzima na heshima zake akajibanza nyuma ya mnara wa makopo ya supu mpaka Kaz alipolipa akatoka. Mkesha wa Krismasi alikaa dirishani kwake, akizitazama taa za mtaa wa Kaz ng'ambo ya mto. Alifanya hivyo kila mwaka. Hakuvuka.

Februari moja yenye theluji nyingi, Kaz alitoka asubuhi kuzoa theluji mlangoni ili basi liweze kutoka, moyo ukamsimama koleo likiwa mkononi. Jirani ndiye aliyemwona.

Normand alisimama mbele ya nyumba ya mazishi, ambako watu walikuwa wanamuaga Kaz, mpaka vidole vikafa ganzi. Ni Pauline aliyemsukuma mgongoni. Pale ndani, penye kutundikwa makoti, alikutana uso kwa uso na Marjorie Haskell. Alikuwa amestaafu, ana koti refu la sufu nzuri, ya aina iliyokuwa ikifumwa kwetu.

"Normand. Maskini Kaz. Mlikuwa mmepatana?"

"Hapana. Ile kona haikutuacha."

"Kona ipi?"

Normand alimtazama. Marjorie hakuwa anatania, alikuwa anakumbuka. "Aa, ule mchoro! Jamani, bado mnajitesa na hilo? Normand, tulisaini na wale Januari."

"Januari ipi?"

"Januari ile ile. Nyinyi mlipeleka michoro Machi, sivyo? Ilikuwa imeshapita."

"Lakini mlituambia kiangazi. Mlisema akifanya kazi kabla ya kiangazi..."

"Tungewaambia mngetawanyika, na wale walikuwa wananunua watu, hawakuwa wananunua matofali. Ilibidi muwe na kitu cha kushughulika nacho."

"Watu walilala chini ya meza."

"Najua. Ilinigusa sana."

"Ukanisimamisha mbele yao ukaniuliza kama Kaz aliniambia."

Marjorie alivaa glavu moja, kidole baada ya kidole. "Watu hutaka sababu, Normand. Ile ilikuja yenyewe. Nilidhani mlikuja kujua, wote walikuja kujua." Akamgusa mkono, akasema ajitunze, akaenda zake. Nami nasema, theluji ilianguka siku ile juu ya wema na juu ya Marjorie Haskell bila kubagua, na hilo bado linaniudhi.

Normand alipanga foleni. Ilipofika zamu yake akapiga magoti mbele ya jeneza. Kaz alikuwa amevishwa suti, rozari vidoleni, mashavu yamepakwa rangi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Danuta aliketi kando, mikono mapajani. Hakumtazama.

"Kaz," Normand alinong'ona, "Korongo alikuwa amekwisha kufa. Tangu Januari. Hatukumuua, si wewe si mimi."

Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Halafu akaona kilichobaki. Miaka yote alikuwa ameuficha ule uongo nyuma ya Korongo, kwamba jambo lilikuwa kubwa mno, kwamba nani asingeogopa. Sasa Korongo ameondolewa, na pale mbele yake kuna mtu mmoja aliyesema kweli na mwingine aliyemkana, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo.

"Uliniambia," alisema, na safari hii sauti ilitoka, watu wa nyuma wakasikia. "Uliniambia, na nilikusikia. Nilikusikia vizuri."

"Alisema ulicheka," Danuta alisema bila kugeuka.

"Nilicheka, shemeji."

"Alisema ulimwambia kwamba mama yako alikuwa na mkono mzito. Alikuwa akiurudia ule mzaha mpaka ndani ya basi, kwa watoto wa watu." Alikunja leso, akaikunjua. "Nilikasirika mimi, yeye hakukasirika. Kila mkesha wa Krismasi nikiweka ile sahani ya mgeni alikuwa ananiambia, isogeze karibu na kabichi, Danuta, Chura akija asihangaike. Na Krismasi hii iliyopita pia aliniambia."

Foleni ilikuwa ndefu, na mtu aliyefuata alikohoa kidogo. Normand alibaki amepiga magoti. Danuta alimwacha pale kitambo, kisha akanyoosha mkono akamshika kiwiko ainuke.